Kuhamia Mlimani Wakati wa Masika: Taratibu na Lugha ya Kukodi Wahamishaji Kakamega

Utangulizi

Kuhama ni kazi nzito hata pale njia inapokuwa kavu na nyofu. Katika nchi zenye milima ya baridi, kama zile za Ulaya na Marekani ya Kaskazini, anayehamia mlimani huchelea theluji inayoziba barabara kwa majuma kadhaa. Kakamega haina theluji, lakini ina mvua. Eneo linaloizunguka Misitu ya Kakamega hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na barabara ya udongo mwekundu iliyopandwa na lori bila shida mwezi wa Januari inaweza kuwa utelezi mtupu ifikapo Aprili.

Makala haya yanadhamiria kufafanua namna mtu anavyoweza kukodi wahamishaji wa kumpeleka kwenye makazi ya mlimani wakati wa mvua. Aidha, yanabainisha nafasi ya lugha katika shughuli hiyo, kwa kuwa ugomvi mwingi baina ya mwenye mizigo na mwenye gari huzuka kwa sababu ya neno lililosemwa nusu au lililoeleweka visivyo.

Mahali na majira

Kwa mkazi wa Kakamega, safari za milimani ni za namna mbili hasa. Ya kwanza ni ile ya kuelekea mashariki, kwenye vijiji vilivyo chini na juu ya ukingo wa Nandi, ambako ardhi inainuka ghafla. Ya pili ni ile ya kaskazini, kupitia Webuye hadi miteremko ya Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Ingawa lami imezidi kusogea kuelekea vijiji hivyo, sehemu ya mwisho ya safari, ile inayotoka barabara kuu hadi mlangoni, aghalabu ni ya udongo.

Mvua ya masika huanza mwezi wa Machi na kuzidi Aprili na Mei. Kipindi kingine cha mvua nyingi huwa kati ya Agosti na Oktoba. Miezi ya Desemba, Januari na Februari ndiyo yenye ukavu zaidi. Jambo muhimu kwa mwenye kuhama ni kwamba mvua ya magharibi mwa Kenya hunyesha zaidi alasiri, ikiandamana na radi na wakati mwingine mvua ya mawe. Asubuhi mara nyingi huwa shwari. Gari linalotoka mjini saa kumi na mbili asubuhi lina nafasi nzuri ya kufika. Linaloondoka saa sita mchana linakwenda kukutana na mvua mlimani.

Hatari hii si ya kubuni. Mwezi wa Agosti 2007, maporomoko ya ardhi yalikikumba kijiji cha Khuvasali, katika eneo la Malava, na kusababisha vifo. Ardhi ya miteremko ikishalowa kwa siku nyingi, huwa haihimili uzito. Kwa hiyo, swali la kwanza ambalo mwenye kuhama anapaswa kujiuliza ni kama safari haiwezi kungoja.

Hata hivyo, wapo wasioweza kungoja. Mwalimu akipewa barua ya uhamisho na Tume ya Huduma za Walimu huwa na tarehe ya kuripoti, na muhula wa pili hufunguliwa wakati mvua haijakoma. Mfano mzuri ni sera ya kuwapeleka walimu mbali na maeneo ya kwao, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2018 na kulalamikiwa sana hadi ilipolegezwa baadaye. Sera hiyo ilizifanya familia nyingi kufunga virago bila ya kujichagulia majira. Muuguzi na afisa wa kilimo nao hukumbwa na hali iyo hiyo.

Funzo kutoka kwa wapagazi wa kale

Kakamega si mgeni wa shughuli ya kukodi wabebaji. Mumias, iliyojulikana na wasafiri kwa jina la Kwa Sundu na baadaye Kwa Mumia, ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyotoka pwani kuelekea Uganda. Joseph Thomson alifika hapo mwaka 1883. Misafara hiyo iliendelea kupita hadi reli ilipofika Kisumu mwezi wa Desemba 1901 na kuupunguzia umuhimu uchukuzi wa kichwani na mabegani.

Wapagazi wa misafara walikuwa na taratibu zilizoeleweka. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa takribani kilo 27 hadi 32. Kulikuwa na malipo ya awali kabla ya kuondoka na mengine baada ya kazi. Posho ya kila siku ilipimwa kwa kibaba. Kirangozi alitangulia mbele kuonyesha njia, na mnyapara alisimamia watu. Kila jambo lilikuwa na jina lake katika Kiswahili, na jina hilo lilibeba wajibu maalumu. Anayekodi gari leo anahitaji mambo yale yale: kipimo cha mzigo, mpango wa malipo, chakula cha watu, mjuzi wa njia na msimamizi.

Istilahi na maana zake

Lugha ya Kiswahili ina utajiri wa maneno katika uwanja huu, na kila neno lina mpaka wake. Hamali, neno lenye asili ya Kiarabu, ni mtu anayebeba mizigo kwa ujira. Mpagazi hubeba katika safari ndefu. Utingo, ambaye nchini Kenya huitwa pia taniboi, ni msaidizi wa dereva wa lori. Kazi yake ya asili ni kulihudumia gari, hivyo si lazima awe amekubali kuingiza kabati chumbani. Mwenye kuhama asiyetofautisha utingo na hamali hushangaa pale mizigo inaposhushwa kando ya gari na kuachwa hapo.

Vilevile, viambishi vya vitenzi vinahitaji uangalifu. Mtu huhama, huhamia mahali, huhamisha vitu na huhamishiwa vitu na mwingine. Kutokana na vitenzi hivi hupatikana nomino mbili zinazokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana. Mhamiaji ni yule anayekwenda kukaa mahali papya, ilhali mhamishaji ni yule anayevipeleka vitu vya mwenziwe. Anayetafuta wahamiaji badala ya wahamishaji anaomba jambo jingine kabisa.

Neno linaloleta hasara kubwa zaidi ni dogo mno, nalo ni ‘mpaka’. Mathalani, mwalimu anapatana na dereva ampelekee mizigo ‘mpaka nyumbani’. Gari linapanda mlima, linafika kwenye tope kilomita mbili kabla ya nyumba, na dereva anasimama. Kwa dereva, ‘mpaka nyumbani’ ina maana ya mpaka gari linapoweza kufika. Kwa mwalimu, ina maana ya mlangoni. Wakati wawili hawa wakibishana kuhusu maana, wingu limekwisha kutanda, magodoro yako wazi na watoto wanatetemeka. Hakuna kati yao anayesema uongo. Makubaliano yenyewe ndiyo yaliyokuwa na pengo.

Hatua za kuchukua kabla ya safari

Hatua ya kwanza ni kukagua njia. Ikiwezekana, mwenye kuhama aende mwenyewe siku chache kabla, au amtume mtu. Waendeshaji bodaboda wa eneo hilo ndio wenye habari sahihi zaidi, kwani hupita hapo kila siku. Waulizwe kuhusu madaraja membamba, kalvati zilizobomoka, kona kali na mahali ambapo magari hukwama. Waulizwe pia ni gari la ukubwa gani lililopita hapo wiki hiyo.

Hatua ya pili ni kuchagua gari linaloifaa njia. Lori kubwa hupunguza idadi ya safari, lakini uzito wake hulizamisha kwenye tope na urefu wake hulishinda konani. Mara nyingi kanta moja inayokwenda mara mbili, au pikapu inayoendeshwa na magurudumu yote manne, ni bora kuliko lori lisilofika. Kabla ya kupatana bei, magurudumu yakaguliwe kama yana meno ya kutosha. Dereva aulizwe kama ana minyororo ya kufunga kwenye magurudumu ya nyuma, kamba nene ya kuvutia, jembe na turubai lisilotoboka.

Hatua ya tatu ni kutafuta msaada wa kule mwisho wa safari. Mzee wa mtaa, ambaye katika maeneo ya Waluhya huitwa liguru, anaweza kusaidia kupata vijana wa kubeba vitu pale gari litakapokomea. Katika sehemu zinazolima miwa, yapo pia matrekta yanayoweza kukodiwa kuvuta gari lililokwama. Bei ya trekta iulizwe mapema. Trekta inayoitwa usiku katikati ya mvua hugharimu zaidi.

Hatua ya nne ni kufunga mizigo kwa kumfikiria atakayeibeba. Gunia la mahindi la kilo 90 halifai kubebwa na mtu kwenye utelezi. Ligawanywe katika mifuko midogo, na vitabu vitiwe katika makasha madogo. Kipimo cha wapagazi wa kale cha takribani kilo 30 bado kinafaa. Vitu vizito vipangwe chini garini, vyepesi juu, na magodoro yafunikwe kwa plastiki kabla ya turubai kuwekwa. Stakabadhi, dawa, vyeti na pesa visipakiwe kabisa, bali abaki navyo mwenyewe.

Makubaliano ya maandishi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Makubaliano hayahitaji wakili. Yanahitaji karatasi moja, nakala mbili na Kiswahili kilicho bayana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, hivyo hapana sababu ya kuandika kwa Kiingereza ambacho pengine pande zote mbili hazikimudu vyema. Isitoshe, dereva anaweza kuwa Mkabrasi, mwenye mizigo Mwisukha na wabebaji wa mlimani Wasabaoti. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha.

Karatasi hiyo itaje majina ya pande mbili, nambari ya gari, tarehe na saa ya kuondoka. Itaje idadi ya vitu na hali ya vile vinavyovunjika. Kisha ijibu maswali yafuatayo. Je, mizigo itashushwa wapi, mlangoni au kando ya barabara? Gari likishindwa kufika, nani atawalipa wabebaji? Likikwama, nani atalipia trekta? Safari ikilala njiani, mizigo italindwa na nani? Kitu kikivunjika au kikilowa, kitafidiwa vipi?

Suala la fidia linastahili mkazo. Bima ambayo sheria inamlazimu mwenye gari kuwa nayo ni ya kuwakinga watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Haiwi kinga ya kabati au televisheni iliyopakiwa. Kwa hiyo, asiyekuwa na bima nyingine ya mizigo ajue kwamba tegemeo lake kubwa ni yale maandishi.

Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kupakia, iliyobaki baada ya kushusha. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, ujumbe wa simu umekuwa ushahidi mzuri wa malipo, nao usifutwe mapema. Chakula cha wabebaji pia kitajwe, kama posho ilivyotajwa zamani.

Mwisho, pande zote zikubaliane kwamba dereva ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu usalama. Akisema daraja limefunikwa na maji, safari isimame, wala asibembelezwe kwa nyongeza ya fedha. Hali kadhalika, watu wasipande juu ya mizigo. Kitanda kikianguka hununuliwa kingine.

Hitimisho

Imebainika kwamba kuhamia mlimani wakati wa mvua kunawezekana iwapo njia itakaguliwa, gari litachaguliwa kwa busara, wenyeji watahusishwa na makubaliano yataandikwa kwa lugha isiyo na utata. Tahadhari kabla ya hatari si msemo wa darasani tu.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili, suala hili ni mwaliko. Uchanganuzi wa maana na viambishi hufundishwa kila mwaka katika vyuo vyetu, lakini ni nadra kuona hati ya makubaliano ya uchukuzi iliyoandikwa kwa Kiswahili rahisi na kuachwa stendi ili madereva na wateja waitumie. Kazi hiyo si kubwa. Mwanafunzi atakayefafanua ‘mpaka’ kwa sentensi moja iliyo wazi huenda akaiepusha familia moja na usiku wa mvua kando ya barabara.