Taa za Dashibodi Zinapopepesa: Dalili Isiyofaa Kupuuzwa



Bandari ya Port Bell, iliyoko Luzira jijini Kampala, hupokea na kusafirisha mizigo inayovuka Ziwa Viktoria baina ya Uganda, Tanzania na Kenya. Pikapu na magari madogo yanayopakia hapo jioni mara nyingi huelekea Busia au Mutukula, mwendo wa takriban kilomita 200 gizani. Baadhi ya madereva huondoka huku taa za dashibodi zikififia na kuwaka, wakidhani kuwa ni kasoro ndogo isiyozuia safari. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu.

Kazi kubwa ya betri ni kuwasha injini. Injini ikishanguruma, alteneta inayozungushwa na mkanda ndiyo hulisha taa na kuijaza betri upya. Alteneta ikishindwa, betri hubaki peke yake. Taa mbili kubwa zenye balbu za wati 55 hula takriban ampea 9. Zikiongezwa taa za nyuma, pampu ya mafuta, feni na mfumo wa kuchoma mafuta, jumla huweza kufika ampea 20. Kwa hesabu hiyo, hata betri mpya ya ampea-saa 45 haitafikisha saa tatu, na iliyochakaa itaishiwa mapema zaidi. Mtu aliyetoka Port Bell kuelekea Busia anaweza kuzimikiwa na gari akiwa katikati ya msitu wa Mabira, bila taa wala nafasi ya kusogea kando. Anayekuja nyuma yake hatamwona kwa wakati.

Kwa hiyo tunawashauri mwanze uchunguzi kwa kutazama. Je, zinazopepesa ni taa za dashibodi pekee, au na taa kubwa pia? Zikiwa za dashibodi pekee, hitilafu huenda imo katika swichi ya kupunguza mwanga, au katika soketi na nyaya zilizolegea nyuma ya dashibodi. Zikipepesa zote kwa pamoja, tatizo limo katika betri, alteneta au nyaya zinazoviunganisha.

Hatua ya pili, zima injini na ufungue boneti. Shika vichwa vya nyaya vilivyofungwa kwenye betri, visitikisike. Unga mweupe au wa kijani unaoota hapo huzuia umeme kupita. Fungua kwanza upande hasi, kisha chanya. Safisha kwa brashi ya waya na maji ya moto yaliyochanganywa na bikaboneti ya soda, kausha, kaza, kisha upake grisi. Wakati wa kurudisha, anza na chanya na umalizie hasi. Usivute sigara karibu na betri, kwa kuwa hutoa gesi inayolipuka. Kagua pia waya unaounganisha upande hasi na bodi ya gari. Kutu inapoushika, taa hucheza hata kama betri ni nzima.

Hatua ya tatu, tazama mkanda wa alteneta. Ukiwa umelegea, umepasuka au unapiga kelele, ukazwe au ubadilishwe.

Hatua ya nne, tumia mita ya kupimia umeme. Kwa gari la volti 12, betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma, magari mengi husoma baina ya 13.8 na 14.4. Ikibaki chini ya 13 hata ukiongeza mafuta, alteneta haijazi ipasavyo. Ikizidi 15, kidhibiti cha umeme kimeharibika, na balbu na betri zitaungua. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, hivyo vipimo hivi haviyahusu.

Yako mambo mawili tunayoyakataza. La kwanza ni kuondoa waya wa betri injini ikinguruma ili kupima alteneta; umeme hupanda ghafla na kuunguza vifaa vya kielektroniki. La pili ni kuweka waya wa kawaida mahali pa fyuzi iliyokatika. Nyaya hupata moto, na gari huweza kuteketea na mzigo wake.

Taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka ukiwa safarini, zima redio na feni lakini usizime taa kubwa usiku. Elekea mahali penye usalama palipo karibu, usimame nje kabisa ya barabara, uweke pembetatu ya tahadhari, kisha umwite fundi. Usijaribu kufika mpakani. Ukikwama mahali pa hatari nchini Uganda, piga 999 au 112 bila malipo.

Ukaguzi huu wote huchukua muda mfupi tu. Tunawaomba muufanye mchana, kabla ya kupakia mzigo, mahali ambapo fundi na vipuri vinapatikana.