Seli za Moyo, Seli za Simu: Sauti Moja kwa Waokoaji Wote

Tarehe 18 Februari 2003, mtu mmoja aliwasha moto kwa makusudi ndani ya treni ya chini ya ardhi katika mji wa Daegu, Korea Kusini. Watu 192 walipoteza maisha. Miongoni mwa kasoro zilizobainika ni kwamba vikosi vya uokoaji vilikuwa na redio zisizosikilizana. Mpango wa kuviunganisha ukaanzishwa, kisha ukakwama kwa miaka mingi. Tarehe 16 Aprili 2014 kivuko cha Sewol kilizama na kuchukua roho za watu 304, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo ndipo serikali ilipoamua kujenga mtandao mmoja wa dharura kwa nchi nzima, kwa teknolojia ya simu ya kizazi cha nne. Ulikamilika mwaka 2021.

Huenda mtu akauliza kwa nini simu za kawaida zisitoshe. Eneo linalohudumiwa na antena ya mnara huitwa seli, na ndani ya seli kila simu hutengewa nafasi yake katika masafa. Waokoaji mia wakihitaji kusikia amri ileile, mnara hutuma nakala mia za amri hiyo, na hayo hutokea saa ileile ambayo ndugu wa majeruhi nao wanapiga simu bila kukoma. Masafa hujaa, na sauti ya kiongozi wa uokoaji hukatika. Dawa yake ni kutuma nakala moja tu inayopokewa na wote, kama redio inavyofanya. Ikikusudiwa kila mtu aliye katika eneo, huo ni utangazaji wa jumla. Ikikusudiwa walioandikishwa tu, ni utangazaji wa kundi.

Ugumu huanza pale kundi linapotawanyika katika seli nyingi. Simu iliyo mpakani husikia minara miwili au mitatu kwa pamoja. Minara hiyo ikituma maneno yaleyale kwa nyakati tofauti, mawimbi yake huharibiana. Ikituma kwa wakati mmoja na kwa masafa yaleyale, simu huyachukua mawimbi ya mnara wa pili kama mwangwi wa yale ya kwanza, na usikivu huimarika. Kiasi cha mwangwi kinachovumilika ni kidogo mno: katika mpangilio mmoja unaotumika kwa kazi hii ni takriban sehemu 16.7 za sekunde iliyogawanywa mara milioni, muda ambao wimbi la redio husafiri kilomita 5 hivi. Kwa sababu hiyo saa za minara hulinganishwa, mara nyingi kwa kufuata saa za setilaiti.

Kulinganisha saa peke yake hakutoshi, kwa kuwa data haifiki kwenye minara yote kwa pamoja. Kituo kinachotangaza hugonga juu ya kila pakiti ya data muhuri wa saa ya kurushwa, pamoja na hesabu ya pakiti na ukubwa wa data iliyokwisha kutumwa. Mnara uliopokea mapema huiweka pakiti na kusubiri. Mnara wa mbali kabisa ndio unaoamua urefu wa subira hiyo, na kila subira inayoongezwa huchelewesha amri. Hesabu nayo humwezesha mnara kugundua pakiti iliyopotea njiani. Usipoweza kujua kwa hakika ni nini kilipaswa kurushwa, mnara hunyamaza mpaka mzunguko unaofuata, kwa kuwa kukisia kungechafua sauti ya minara jirani.

Wahudumu wa afya wanaujua utaratibu unaofanana na huu. Umeme wa moyo huanzia sehemu ya juu ya chumba cha kulia, kisha hucheleweshwa kwa takriban sekunde 0.1 kabla ya kushuka, ili vyumba vya chini vipate kujaa damu. Baada ya hapo husambazwa kwa nyuzi za kasi ili misuli ya vyumba hivyo ijikunje karibu kwa pamoja. Kila seli ikijikunja kwa wakati wake, moyo hutetemeka tu na damu haiendi popote, ingawa seli zenyewe bado ni hai na zina nguvu. Mfano huu una mpaka wake: seli za moyo hupokezana umeme jirani kwa jirani, ilhali minara huongozwa na saa.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, msongamano katika uchochoro mmoja wa Itaewon, jijini Seoul, ulisababisha vifo vya watu 159. Safari hii mtandao wa dharura ulikuwepo na ulifanya kazi. Hata hivyo ilibainika kwamba polisi, zimamoto na mamlaka za mitaa hawakuutumia ipasavyo kuzungumza wao kwa wao. Kila taasisi ilizungumza zaidi na watu wake.

Utangazaji wa kundi humfikia yule tu ambaye simu yake imeingizwa katika kundi husika. Hospitali inayotarajiwa kupokea majeruhi, ikiwa haimo katika orodha hiyo, itapata habari gari la kwanza la wagonjwa litakapofika mlangoni. Orodha hiyo huandaliwa kabla ya ajali, na mtu wa kuulizwa ni yule anayesimamia mpango wa maafa wa hospitali.