Kipanya, Padi au Simu: Ukweli na Uongo Kuhusu Haki Katika Gemu za Risasi

Huwezi kucheza gemu ya risasi mtandaoni jioni nzima bila kusikia mtu akilalamikia kifaa cha mwenzake. Mwenye kipanya anadai padi inalengewa na kompyuta. Mwenye padi anajibu kwamba mwenye kipanya ana mkono mwepesi asioweza kuufikia kwa kidole gumba. Mwenye simu naye anashuku kuwa aliyemwangusha hana simu mkononi, amekaa mezani na kibodi yake.

Ugomvi huu ulipamba moto baada ya Septemba 2018, Sony ilipofungua mlango kwa wachezaji wa PlayStation 4 kucheza Fortnite pamoja na wenzao wa Xbox na Nintendo Switch. Call of Duty: Modern Warfare ikafuata mwaka 2019, Apex Legends mwaka 2020. Watu wenye vifaa tofauti wakajikuta uwanja mmoja, wakigombea nafasi zile zile na, kwa mabingwa, fedha zile zile. Ndiyo maana suala la haki linastahili kujibiwa kwa hoja. Yafuatayo ni madai saba yanayosikika sana, na hukumu ya kila moja.

Dai la 1: Kipanya hushinda padi siku zote

SI KWELI.

Dai hili lina mizizi. Mwaka 1997 Dennis Fong, maarufu kama Thresh, alishinda mashindano ya Quake yaliyoitwa Red Annihilation na kuondoka na gari aina ya Ferrari lililokuwa mali ya John Carmack, mmoja wa waundaji wa gemu hiyo. Enzi hizo wachezaji wengi waligeuka na kulenga kwa vitufe vya kibodi. Thresh alitembea kwa W, A, S na D, akalenga kwa kipanya, na dunia nzima ya gemu za kompyuta ikamfuata. Mwaka 2010 Rahul Sood, mwanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya VoodooPC, aliandika kwamba Microsoft iliwahi kuacha mradi wa kuwachanganya wachezaji wa kompyuta na wa konsoli, kwa sababu hata mabingwa wa padi walichapwa na watu wa kawaida wenye kipanya.

Kiufundi, kipanya kina faida ya kweli. Ukikisogeza sentimita mbili, alama ya shabaha inahama kwa kipimo hicho na kusimama mkono unaposimama. Kijiti cha padi hakipimi umbali, kinaamua kasi: unakisukuma, alama inaanza kutembea, na usipokiachia kwa wakati inampita adui. Kwa mkono mtupu, padi ni ngumu zaidi kulengea.

Lakini padi haiachwi mkono mtupu. Gemu nyingi huipa msaada wa shabaha, yaani programu inamsaidia mchezaji kulenga, na msaada huo umebadilisha hesabu. Julai 2022, timu ya DarkZero ilitwaa ubingwa wa dunia wa Apex Legends mjini Raleigh, Marekani, na mmoja wa nguzo zake, Genburten, alitumia padi. Baadaye ImperialHal, nahodha aliyejijengea jina kwa kipanya, naye akahamia padi. Mchezaji wa kiwango hicho habadilishi kifaa bila kuona faida. Hukumu ya haki ni hii: adui akiwa mbali, kipanya kina nafasi kubwa zaidi. Mkikutana uso kwa uso ndani ya chumba, padi yenye msaada inaweza kuongoza.

Dai la 2: Msaada wa shabaha ni udanganyifu

SI KWELI, lakini malalamiko yana msingi.

Mdanganyifu ni yule anayetumia kitu ambacho kanuni zimekikataza. Msaada wa shabaha umewekwa na watengenezaji wenyewe, na ni wa tangu zamani. GoldenEye 007 ya mwaka 1997 ilikuwa nao, na Halo ya mwaka 2001 isingependwa kwenye konsoli bila huo. Bila msaada, mamilioni ya watu wasingeweza kucheza gemu hizi kwa padi na kuzifurahia.

Kinachozua ugomvi ni aina ya msaada. Kuna unaopunguza kasi ya alama ya shabaha inapompitia adui, na huo watu wengi hawaupigii kelele. Kuna mwingine unaozungusha kamera kumfuata adui anaposogea. Tazama pambano la karibu: adui anakimbilia kushoto, hatua tano mbele yako, kisha ghafla anageuza kwenda kulia. Mwenye kipanya lazima aone, ubongo upokee, mkono ujibu. Kwa binadamu hilo huchukua takriban milisekunde 200 au zaidi. Kwenye padi, mradi mchezaji anasogeza vijiti vyake, programu inajua adui amegeuka tangu fremu ile ile, na kamera inaanza kumfuata kabla kidole gumba hakijapata habari. Bado mchezaji anahitaji ujuzi mwingi ili ashinde, lakini sehemu moja ya kazi, ile ya kuwahi, amefanyiwa. Mwenye kipanya anayelalamikia jambo hilo haoti.

Dai la 3: Ikipatikana namba sahihi ya msaada, ugomvi utaisha

SI KWELI.

Watengenezaji wamejaribu kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu Apex ilitumia kiwango cha msaada cha 0.6 kwenye konsoli na 0.4 kwenye kompyuta. Agosti 2024, studio ya Respawn, inayoitengeneza, ilikata nguvu ya msaada kwa asilimia 25 kwenye mechi zenye wachezaji wa kompyuta. Kampuni ya Epic nayo, Machi 2020, iliondoa kwenye Fortnite yake mfumo wa zamani ambao ulimwezesha mchezaji kubonyeza kitufe cha kulenga mara nyingi mfululizo, na kila mara alama ikarukia kwa adui. Overwatch ilipoanza kuchanganya mashine mwaka 2021, wa konsoli waliokutana na wa kompyuta walinyimwa msaada wote, na mechi za kupanda ngazi zikabaki tofauti.

Namba moja haiwezi kutosha, kwa sababu msaada ule ule unamwinua anayejifunza na kumzidishia nguvu bingwa. Unamfaa mwenye bunduki ya karibu kuliko mdunguzi. Ligi ya Call of Duty iliamua njia nyepesi zaidi: ilipohama kutoka PlayStation 4 kwenda kompyuta katika msimu wa 2021, iliwataka wachezaji wote waendelee kutumia padi. Pale ambapo fedha na heshima viko mezani, kifaa kimoja kwa wote ndiyo kanuni isiyohitaji maelezo marefu.

Dai la 4: Mwenye kibodi na kipanya hasaidiwi na chochote

SI KWELI.

Wachezaji wa kompyuta hupenda kusema kila walichopata kimetoka mikononi mwao. Mwaka 2024 ulionyesha vingine. Katika Counter-Strike, risasi zinazopigwa ukiwa unatembea hutawanyika. Kwa hiyo mchezaji anayekwenda kushoto kwa kitufe cha A hukiachia, kisha hugusa D mara moja kwa haraka ili asimame papo hapo, ndipo apige. Mguso huo unahitaji mazoezi ya muda mrefu. Ukichelewa kidogo, risasi inakwenda pembeni. Ukiwahi mno, vitufe viwili vinagongana na mwili unakwama.

Kampuni ya kibodi ya Razer ilitoa kipengele kinachoitwa Snap Tap, na mwenzake Wooting nayo ikaja na cha kwake, ambapo kibodi yenyewe inaamua kuwa kitufe kilichobonyezwa mwisho ndicho kinachohesabika. Kugongana kukaisha, na ujuzi wa miaka ukawa kitu cha kuwasha kwenye mipangilio. Agosti 2024 Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ilitangaza kwamba kuendesha mienendo kwa njia hiyo hakuruhusiwi tena kwenye seva zake rasmi, na wanaogunduliwa wanatolewa kwenye mechi. Ulikuwa uamuzi sahihi. Tukiuliza padi imesaidiwa kiasi gani, lazima tuulize hivyo hivyo kuhusu kibodi.

Dai la 5: Kifaa cha kuchomeka katikati ni halali kwa kuwa hakigusi programu ya gemu

UONGO.

Vipo vifaa, kama XIM na Cronus Zen, vinavyochomekwa kati ya konsoli na mkono wa mchezaji. Kimoja hukifanya kipanya kitambulike kama padi, ili mtu apate wepesi wa kipanya pamoja na msaada uliokusudiwa padi. Kingine huendesha maagizo yanayozuia bunduki isiruke inapofyatua. Wauzaji wake husema hakuna faili la gemu lililoguswa. Hoja hiyo haina uzito: kanuni ya mchezo inalinda pambano lenyewe, na pambano limevunjwa.

Mwaka 2023 kampuni kadhaa zilichoka. Ubisoft ilileta mfumo wa Mousetrap kwenye Rainbow Six Siege ya konsoli, ambao ukigundua kipanya kilichojificha unachelewesha amri zake hadi faida yote iishe. Mfumo wa ulinzi wa Call of Duty, RICOCHET, nao ukaanza kuvisaka vifaa hivyo.

Hapa panahitaji uangalifu wa kibinadamu. Kuna wachezaji wasio na mikono, au ambao mikono yao haiwezi kushika padi, wanaocheza kwa vifaa maalumu. Microsoft ilitoa padi ya Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, Sony ikatoa Access mwaka 2023, na kuna QuadStick inayoendeshwa kwa mdomo. Bungie, ilipopiga marufuku vifaa vya hila kwenye Destiny 2, ilisema wazi kwamba kifaa cha kumwezesha mtu kucheza hakikatazwi. Kinachokatazwa ni kutafuta upendeleo juu ya wengine. Mpaka huo ndio wa kuigwa.

Dai la 6: Kwenye simu wote tuko sawa, maana wote tunatumia vidole

UONGO.

Hili linatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa kwa vijana wengi wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, simu ndiyo konsoli na ndiyo kompyuta. Na simu hazifanani. Inayoonyesha fremu 30 kwa sekunde inakupa picha mpya kila baada ya milisekunde 33. Ya fremu 90 inakupa kila baada ya 11. Adui anayechungulia dirishani anaonekana kwanza kwa mwenye simu ghali. Simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kwa hiyo mwenye nayo katika PUBG Mobile anarekebisha shabaha kwa kuinamisha simu kidogo, huku mwingine akilazimika kukokota kidole kwenye kioo kile kile anachotaka kukitazama. Anayecheza kwa vidole vinne anakimbia, analenga na kufyatua kwa pamoja. Wa vidole gumba viwili lazima achague.

Watengenezaji wanalijua hilo kwa sehemu. PUBG Mobile huwaweka wanaocheza kwa emuleta, yaani programu inayoigiza simu kwenye kompyuta, katika kundi lao, na Call of Duty: Mobile, ilipoanza kukubali padi mwaka 2019, iliwakutanisha wenye padi na wenye padi wenzao. Anayetumia njia za kuificha emuleta yake ili apelekwe kwa watu wa simu ana kosa lile lile la mwenye kifaa cha kuchomeka katikati, hata kama yuko saiba ya mtaani na haonekani na mtu.

Dai la 7: Dawa ni kumtenga kila mtu na kifaa chake

NUSU KWELI.

Kwa mechi za kupanda ngazi, kutenga ni jambo jema. Valorant ilipofika kwenye konsoli mwaka 2024, haikuwachanganya kabisa wachezaji wake na wa kompyuta, na haikuruhusu kipanya upande wa konsoli. Kila upande unajua unapigana na nani.

Lakini kila kundi linapogawanywa, foleni inarefuka. Huko Ulaya au Marekani, mchezaji husubiri sekunde chache zaidi. Kwetu, ambako wachezaji waliopo kwa wakati mmoja huenda ni wachache, mgawanyo unaweza kumfanya mtu apelekwe kwenye seva ya mbali zaidi, na hapo anapoteza zaidi ya alichookoa. Kutoka Nairobi hadi Frankfurt ni takriban kilomita 6,300 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya waya wa faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 60, hata waya ungenyooka na vituo vya njiani visingekuwepo. Waya halisi unazunguka baharini, na muda halisi ni mkubwa zaidi. Kabla hujakilaumu kifaa cha aliyekuua, tazama kwanza namba ya ping, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, kwenye kona ya kioo chako.

Hukumu

Kipanya si dhambi, padi si udanganyifu, na simu si kisingizio. Haki inakosekana pale mtu anapoingizwa kwenye pambano bila kujua anapambana na kifaa gani na kimesaidiwa kiasi gani. Basi tuwadai watengenezaji mambo matatu: waoneshe alama ya kifaa cha kila mchezaji kwenye lobi na anapokuangusha, watangaze nguvu ya msaada wa shabaha na kila badiliko lake, na mechi za ngazi ziwe na chaguo la kucheza na wenye kifaa kama chako, bila kulazimisha. Waandaaji wa mashindano yetu ya mitaani na vyuoni hawana haja ya kusubiri kampuni yoyote: andikeni kanuni ya kifaa kwenye tangazo, kabla ya kupokea kiingilio cha mtu wa kwanza.