Ithembo la Masaku: Mti Uliogeuzwa Mlingoti

Vitabu vya historia vya shule za upili nchini Kenya vina sentensi moja ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaipita. Sentensi yenyewe yasema kwamba mwaka 1891 maofisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki waliokuwa Masaku waliukata mti wa ithembo ili wapate mlingoti wa bendera, na Wakamba wakakasirika. Basi. Aya inayofuata hugeukia misafara ya kijeshi. Makala haya yananuia kuisimamisha sentensi hiyo kidogo na kueleza ni kitu gani hasa kilichoanguka siku ile, na kwa nini lugha ya Kiswahili yenyewe inapata taabu kukitaja.

Kampuni ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888, na mwaka uliofuata ikafungua kituo chini ya vilima vya Iveti, kwenye njia ya kutoka Mombasa kwenda Uganda. Mahali hapo palijulikana kwa jina la Masaku, mtabiri mashuhuri wa Wakamba. Ndimi za wageni ndizo zilizolikunja jina hilo likawa Machakos. Ikumbukwe kwamba Wakamba hawakuwa watu wa kushtushwa na sura ngeni. Walikuwa wafanyabiashara wa safari ndefu waliopeleka pembe za ndovu pwani miaka mingi kabla ya Kampuni kuzaliwa, na mwaka 1849 Kivui Mwenda wa Kitui ndiye aliyempokea na kumwongoza Ludwig Krapf. Ugomvi wa Masaku basi haukutokana na hofu ya mgeni, bali ulitokana na mwenendo wake. Tayari mwaka 1890 mtabiri wa kike aliyeitwa Syonguu, wa Iveti, alikuwa amewaongoza watu kususia biashara na Kampuni. Mti ulikatwa juu ya kidonda hicho.

Ithembo ni nini? Kikamba kina kitenzi -themba, yaani kutoa kafara, na nomino ithembo (wingi wake mathembo) ni mahali pa tendo hilo. Aghalabu mahali penyewe huwa ni mti mmoja mkubwa wa jamii ya mkuyu, au kichaka kilichouzunguka mti wa namna hiyo. Wazee wa ithembo, pamoja na wanawake waliokwisha kuvuka umri wa kuzaa, walikutana hapo kuomba mvua, kuondoa maradhi, kushukuru kwa mavuno. Walipeleka mbuzi, nafaka, maziwa na pombe. Matawi hayakuguswa, kuni hazikuokotwa, na kiumbe aliyekimbilia ndani hakufuatwa. Wataalamu wa mila walioandika mapema kuhusu Wakamba, kama vile Hobley mwaka 1910 na Lindblom muda mfupi baadaye, wote wanalitaja ithembo kwa urefu. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mti haukuabudiwa. Mti uliweka mahali. Kizazi kimoja kilipaonyesha kizazi kingine bila ukuta, bila maandishi wala hati ya kumiliki, kwa kuwa mti ulikuwa umesimama pale pale.

Sasa mtu aliyeshika shoka mwaka 1891 aliona nini? Aliona gogo. Kituo kilihitaji bendera, bendera ilihitaji mlingoti, na palikuwa na mti karibu. Neno mlingoti lenyewe lina safari yake: ni neno la baharini, la vyombo na matanga, lililopandishwa bara pamoja na misafara ya wapagazi waliozungumza Kiswahili. Mti uliokuwa na mizizi Ukambani ukavuliwa matawi na kusimikwa upya mfano wa jahazi lililotia nanga nchi kavu. Mahali hapakuhama, ila kilichosimama pale sasa kiliwaonyesha watu mamlaka nyingine. Ni vigumu kufikiria tamko la utawala lililo wazi kuliko hilo, hata kama waliolitoa hawakujua kwamba wanatamka.

Wenyeji walilisoma bila kuhitaji mkalimani. Uhasama dhidi ya kituo uliongezeka, na katika miaka iliyofuata Nzibu Mweu aliwaongoza watu wake kuzuia kuni na maji visifike ngomeni. Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi wa fasihi hawezi kukikosa: waliochukua mti bila kuomba wakanyimwa hata ukuni wa kupikia. John Ainsworth alipokishika kituo mwaka 1892 alirithi uadui huo, akautuliza kwa bunduki upande mmoja na kwa mapatano upande wa pili. Nchi ikawa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1895, na mwaka 1899 makao ya utawala wa jimbo yakahamishiwa Nairobi. Miaka hiyohiyo ilikuwa ya balaa. Sotoka ilifyeka ng'ombe mwanzoni mwa mwongo ule, na mwishoni mwake ikaja njaa kuu ambayo Wakamba waliiita Ngomanisye. Si kazi ya makala haya kudai kwamba njaa ililetwa na shoka. Hata hivyo, ni kweli kwamba watu waliohitaji mahali pa kuombea mvua kuliko wakati mwingine wowote walikuwa wameondolewa mahali pamoja.

Tukirudi kwenye lugha, tatizo linajitokeza mara tu mtu anapojaribu kuisimulia habari hii kwa Kiswahili. Wengine huandika madhabahu, wengine hekalu, wengine kaburi takatifu. Madhabahu na hekalu ni maneno yaliyokuja na Kiarabu, nayo huleta majengo akilini. Msomaji anaona mawe na nguzo, kisha anashangaa inakuwaje hekalu likatwe kwa shoka. Kaburi nalo ni kosa, kwani ithembo halikuhitaji kuwa na maiti chini yake. Neno lililo karibu zaidi ni la Kibantu, nalo limo kamusini: mzimu, ambalo pamoja na maana ya roho ya aliyefariki lina maana ya mahali panapotolewa matambiko. Wapwani walikuwa na mizimu yao kwenye mibuyu na mapangoni. Zaidi ya hayo, Kikamba huiita roho ya marehemu iimu (wingi aimu), na shina la maneno haya mawili ni moja. Kasoro ni kwamba mzimu wa leo umekonda. Katika hadithi za watoto na katika magazeti umebaki kuwa kitisho cha usiku tu, na mwandishi anayeandika kwamba Waingereza waliukata mzimu wa Wakamba ataeleweka vibaya na wasomaji tisa kati ya kumi. Kwa sababu hiyo ni afadhali ithembo likaachwa lilivyo na likanyambuliwa kisarufi katika ngeli ya LI-YA, kama vile neno kaya la Wamijikenda lilivyokwisha kuzoeleka bila tafsiri.

Kwa upande wa fasihi simulizi, hasara ni kubwa zaidi na hutajwa mara chache zaidi. Wahakiki hufundisha kwamba utungo simulizi haupo nje ya utendaji, na utendaji una mahali pake. Maombi ya mvua, nyimbo za wanawake wazee, ngoma ya kilumi pamoja na mapigo yake, vyote vilikuwa na ukumbi, na ukumbi huo ulikuwa ithembo. Ukiondoa mti, maneno hayafi siku hiyo, lakini hayana tena pa kusemewa, wala hapana sababu ya kijana kuyajifunza. Linganisha na mgumo wa Thika, unaohusishwa na utabiri wa Mugo wa Kibiro: ule ulianguka wenyewe mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ukazaa mighani inayosimuliwa hadi leo. Wa Masaku ulikatwa kabla ya hadithi yake kuiva, tena na mshindi.

Ni haki kuongeza kwamba Machakos haikubaki jangwa. Uchunguzi wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua na miti ikaongezeka, kwa jasho la wakulima waliochimba matuta na kupanda. Lakini miti hiyo ni ya mwenye shamba. Ni miembe, michungwa na mikaratusi; huhesabiwa, huvunwa, huuzwa kwa ajili ya karo. Kilumi nacho bado kinachezwa, aghalabu kwenye majukwaa ya tamasha za muziki, mbele ya waamuzi walioketi mezani na kalamu mkononi, na wachezaji wakimaliza hushuka wakawapisha wengine.