Je, Wajua? Moyo, Mizani na Bili ya Wodi

Je, wajua kwamba hospitali ya kwanza ya mtandaoni nchini China ilizinduliwa Guangzhou? Ilikuwa Oktoba 2014, chini ya Hospitali Kuu ya Pili ya Mkoa wa Guangdong. Mgonjwa wa mbali aliketi mbele ya kamera katika zahanati au duka la dawa la jirani, daktari akamhoji kutoka mjini.

Je, wajua kwamba Aprili 2019 madaktari bingwa waliokuwa Guangzhou waliwaongoza kwa 5G wenzao wa Gaozhou, umbali wa kilomita 400 hivi, wakati wakimpasua mgonjwa moyo? Na kwamba mwanasayansi Mholanzi Willem Einthoven alikuwa amekwisha kusafirisha mapigo ya moyo kwa waya wa simu, kilomita 1.5, huko Leiden mwaka 1905?

Wanaoweza kufaidika na huduma ya mbali ni wengi: nchini China, watu wapatao milioni 13.7 wenye umri wa miaka 35 na kuendelea wana moyo ulioshindwa kusukuma damu vya kutosha. Kinachotafuna fedha zaidi si vidonge. Ni kulazwa, kuruhusiwa, kisha kulazwa tena.

Je, wajua kwamba mwili hutoa taarifa mapema? Moyo ukizidiwa, maji hubaki mwilini, na lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Uzito huweza kuanza kupanda wiki nzima kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali akihema. Katika wiki hiyo, kuongezewa dozi ya dawa ya kutoa maji kunaweza kuokoa kitanda cha siku kadhaa. Hesabu yote ya kumfuatilia mgonjwa akiwa nyumbani imesimama hapo.

Lakini kifaa peke yake hakiokoi hata senti. Utafiti wa Marekani wa 2010 uliwataka wagonjwa wa aina hii wapige simu kila siku na kuijibu mashine. Asilimia 14 hawakuitumia kabisa, na kulazwa hakukupungua. Ujerumani walifanya vingine: Berlin waliweka madaktari na wauguzi saa 24, wakipokea vipimo vya uzito, presha na mapigo ya moyo. Matokeo ya 2018: siku zilizopotea kwa kulazwa bila kutarajia au kwa kifo zilikuwa 17.8 kwa mwaka kwa waliofuatiliwa, dhidi ya 24.2 kwa wasiofuatiliwa, na baada ya kulipia huduma yenyewe zilibaki akiba zaidi ya euro 1,700 kwa kila mgonjwa. Desemba 2020 huduma hiyo iliidhinishwa kulipiwa na bima. Kwangu mimi, aliyeleta akiba hiyo ni mtu anayepokea namba na kuchukua hatua.

China nayo iliweka utaratibu wa bima kulipia huduma za mtandaoni mwaka 2019, ila mara ya kwanza lazima mgonjwa aonane na daktari ana kwa ana.

Na kwetu? Utafiti wa nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda, ulikuta wastani wa umri wa wagonjwa wa moyo ulioshindwa ni miaka 52. Sababu kuu, presha. Mtu wa umri huo ndiye anayelipa ada na kodi ya nyumba. Akilala wodini, kipato cha nyumba nzima kinalala naye, na hasara hiyo haiandikwi kwenye bili yoyote.

Kama una mgonjwa wa aina hii nyumbani: apime uzito kila asubuhi, akishatoka msalani, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, na aandike. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, mpigieni daktari wake siku hiyohiyo.