Pikapu ya kila siku, tela la siku chache

Kariakoo, saa kumi na mbili asubuhi. Kirikuu zimepaki kinyumenyume, bodi zikitazama milango ya maduka. Kijana mmoja anapakia saruji huku akihesabu kwa sauti, na anakoma kwenye mfuko wa kumi na mbili. Dereva hasemi neno. Springi zimelala, matairi ya nyuma yametanuka kama miguu ya mtoto anayejifunza kutembea. Gari hilo lilitengenezwa kubeba kilo 350, yaani mifuko 7 ya kilo 50.

Kirikuu ni jina letu. Kwao Japani ni Suzuki Carry, na sheria ya huko imeliwekea mipaka: injini isizidi cc 660, urefu usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48. Ndiyo maana linapenya uchochoro ambao Hilux haithubutu kuingia, na spea zake zipo kila mtaa. Ila halikuundwa kuvuta kitu. Ukiona limefungwa ndoano nyuma, ujue ni ubunifu wa fundi kuchomelea, wala si wa kiwandani.

Ngazi ya pili ni vigari vya kichwa bapa kama Toyota TownAce na Nissan Vanette, ambapo dereva hukalia injini. Kwa TownAce ya injini ya lita 1.5, hesabu ni kilo 750 hadi 800, mifuko 15 au 16. Ukipanda tena unakuta pikapu zenyewe za tani moja: Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Mitsubishi L200. Dabo kebini ya kundi hili ina urefu wa karibu mita 5.3. Kuiegesha Posta saa nne asubuhi ni kazi inayojitegemea.

Sasa mchukue mtu wa kawaida anayekaa Tabata, anafanya kazi mjini, na ana shamba Mkuranga. Siku za kazi anahitaji gari la kumfikisha ofisini bila kumaliza mshahara kwenye foleni. Mara mojamoja anataka kuvuta tela lenye tangi la maji, jenereta au mazao. Akiingia sokoni anakuta vigari vidogo upande mmoja na magari makubwa upande mwingine. Katikati hamna kitu.

Chanzo cha pengo hilo ni kwamba soko letu la magari yaliyotumika linalishwa zaidi na Japani, na huko pikapu si gari la watu wengi. Toyota iliacha kuuza Hilux mpya nyumbani kwake mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017, tena ikiiagiza kutoka kiwanda chake cha Thailand. Hilux nyingi za miaka hiyo unazoziona kwenye yadi zetu zimetokea Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, nchi zinazoendesha kushoto kama sisi. Gari ambalo wengi wanaligombania na Japani haina la kutosha haliwezi kuwa rahisi.

Afrika Kusini ilikuwa na dawa: pikapu zilizojengwa juu ya umbo la gari dogo la abiria. Chevrolet Utility ilitoweka General Motors ilipofunga virago nchini humo mwaka 2017. Nissan NP200, iliyobeba kilo 800 kwa injini ya lita 1.6, ilikoma kutengenezwa mwaka 2024. Marekani imekwenda kinyume: tangu mwaka 2021 Ford inauza Maverick, pikapu ndogo inayoundwa Hermosillo, Mexico. Ile ya mseto wa petroli na umeme ilianza na uwezo wa kuvuta takribani kilo 900, na ile ya turbo yenye vifaa vya kuvutia, kilo 1,800. Ndilo hasa gari la mtu wa Tabata, ila usukani wake uko kushoto tu. Mwishoni mwa 2023 Toyota ilizindua Thailand Hilux Champ, iliyopunguzwa mapambo na kuanzia baht 459,000. Hiyo imeshusha bei, lakini bado ni gari la tani moja.

Hapo ndipo mnunuzi wetu anapokata shauri: nitanunua kubwa, siku ya tela isinikute sina. Kabla hajalipa, asome vizuri kile kipeperushi. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 na D-Max ya lita 3.0 huandikwa kuwa zinavuta kilo 3,500. Sentensi haiishii hapo: tela liwe na breki zake. Lisilo na breki, namba inashuka hadi 750.

Tangi la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000 za maji. Weka tela lenyewe, tuseme kilo 300, na umefika 1,300. Bila breki za tela, Hilux iliyosifiwa kwa kilo 3,500 imeshazidiwa. Matela mengi yanayochomelewa kwenye gereji za mtaani hutumia ekseli ya gari kuukuu. Inama uchungulie nyuma ya gurudumu: mara nyingi ngoma ya breki ipo, lakini bomba lililokuwa likileta mafuta ya breki limekatwa na kukunjwa. Injini itavuta mzigo huo vizuri tu. Kusimama ndiko kwenye mtihani, na kwenye mteremko kama wa Kitonga tela linakuwa ndilo linalosukuma.

Kuna hesabu nyingine inayosahaulika. Karibu asilimia 10 ya uzito wa tela hulalia ndoano, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo wa pikapu. Kwa tela letu ni kilo 130, zaidi ya mifuko miwili ya saruji ambayo usingeipakia kwenye bodi.

Tuje kwenye fedha. Chukua kilomita 40 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: kilomita 12,000. Tuseme pikapu kubwa inakwenda kilomita 10 kwa lita na kigari kidogo 14, na lita ni shilingi 3,000. Kubwa itakunywa lita 1,200, dogo kama 857. Tofauti ni lita 343, zaidi kidogo ya shilingi milioni moja kwa mwaka. Ikiwa kukodi gari la kuvuta tela ni shilingi 100,000 kwa safari, milioni hiyo inalipia safari kumi. Badilisha namba hizi kwa bei za kwako, njia ya hesabu ni ileile. Anayevuta mara nne au tano kwa mwaka anazilipia safari hizo mara mbili, na hapo hatujagusa bei ya kununulia, matairi wala bima. Anayevuta kila wiki mbili, kubwa linamlipa. Na lina faida moja ambayo madalali hawachoki kuitaja, safari hii kwa haki: Hilux na D-Max hazishuki bei haraka, kwa hiyo sehemu ya fedha unairudisha siku ya kuuza.

Ukiamua kubwa la mtumba, mtangulize fundi wako. Atazame chini ya bampa la nyuma kama kuna matundu ya ndoano iliyong'olewa, maana hilo gari limeshavuta. Kwa gia za mkono asikilize klachi inayoteleza, kwa otomatiki anuse mafuta ya gia kama yameungua. Aangalie difu isivuje. Lililotoka Uingereza apige chesisi yake kwa nyundo ndogo, kwa sababu chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huila kwa ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Kule Kariakoo, mifuko 12 ilikuwa safari mbili za Kirikuu, siyo sababu ya kununua Hilux. Mtu wa Tabata naye aandike kwenye daftari, kwa miezi mitatu, kila siku aliyohitaji kuvuta kitu na uzito wake. Kurasa hizo zitamshauri kuliko dalali yeyote.