Pima Mayai Yanayoatamiwa

Ndugu mfugaji wa Mbagala au Tegeta, kuku wako ameatamia mayai 12. Je, yote yana vifaranga? Usingoje siku 21 ndipo ujue.

Siku ya 7, usiku, chukua tochi. Shika yai, upande mnene ukiwa juu. Limulike hapo gizani. Ukiona mishipa myekundu kama miguu ya buibui, kifaranga anakua. Rudisha yai upesi lisipoe.

Yai lililo wazi ndani halina mbegu. Liondoe. Kama ni mengi, mwangalie jogoo wako: huenda amezeeka, au matetea ni wengi mno kwake.

Pima tena siku ya 14. Ondoa mayai viza, maana yai viza likipasuka huchafua mazima. Kuanzia siku ya 18, usiyaguse tena. Mwachie kuku kazi yake.